Uzuri wa Shamba ni wa Nani?

Panda matatu ya Kandara asubuhi, ukae dirishani. Ukishapita Thika, unaanza kuona vilima vya Murang'a: udongo mwekundu, miti ya kahawa imepangwa kwa mistari hadi mtoni. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, maua meupe hutoka yote kwa pamoja na kunukia kama asumini. Ni kuzuri, wacha tusijifanye.

Halafu unafika shamba la jirani na kahawa haipo. Imeng'olewa, ikapandwa avokado, ama ploti zimeuzwa na nyumba za mawe zinajengwa. Hapo msafiri husema, "Aki wameharibu." Swali langu ni hili: tuna haki gani ya kusema hivyo?

Enzi ya ukoloni, kahawa ilikuwa zao la walowezi na Mwafrika wa hapa alikatazwa kuipanda. Ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo miaka ya 1930, kule Kisii na Meru, na mlango ukafunguka zaidi baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Uhuru ulipokuja, sheria ikabadilisha wimbo: mkulima asing'oe kahawa bila kibali. Mwaka wa 1989 mfumo wa kimataifa uliogawia kila nchi kiwango cha kuuza ulivunjika, bei ikaanguka, na wengi wakaitelekeza ama wakaing'oa tu.

Kwa hivyo mkulima aliambiwa asipande, kisha akaambiwa asing'oe. Sasa tunakuja sisi wa wikendi, simu mkononi, tukitaka abaki vile vile ndio picha zitoke fiti.

Mtu atanijibu kwamba kutazama hakumpunguzii mtu chochote. Kweli. Lakini shamba si Mlima Kenya. Mlima ulikuwepo kabla yetu. Ile mistari ililimwa, ikapogolewa, ikapulizwa dawa, na kila tunda jekundu likachumwa kwa mkono, likabebwa hadi kiwandani siku hiyo hiyo. Inachukua kama kilo 6 au 7 za matunda kupata kilo 1 ya kahawa safi, na kilo ya matunda mara nyingi humlipa mkulima chini ya bei ya cappuccino moja Nairobi. Hakuna aliyepanda ili kilima kipendeze. Walipanda kwa sababu ya karo.

Shosho mmoja nilimuuliza mbona aling'oa nusu ya shamba. Akaniambia, "Mjukuu wangu, maua tulikuwa tunayaona. Pesa ndiyo hatukuwa tunaona."

Sisemi usiende. Nenda, nunua pakiti kwao kama wanauza, piga picha, omba ruhusa kwanza. Lakini kupenda mahali bila kumpa mwenye mahali uhuru wa kupabadilisha ni kumtaka awe mlinzi wa mandhari yako, bila mshahara. Sisi wenyewe tunahama mitaa, tunabadilisha kazi, tunaacha hata chuo, na tunaita hayo maisha. Yeye akibadilisha zao tunaita uharibifu.

Basi mwaka ujao ukipata avokado pale, uliza avokado inalipa aje. Na ukipata kahawa imerudi kwa sababu bei imepanda, furahi naye, ukijua hakuirudisha kwa ajili yako.