Timu Isiyo na Cha Kupoteza

Asubuhi moja mwishoni mwa Mei 2024 nilikuwa nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa karibu na stendi ya Kasulu, nasubiri gari la kwenda nyumbani Kibondo. Baridi ya kule mnaijua. Kama hamuijui, siku mkija bebeni koti. Wazee walikuwa wameshapeana "mwakeye" zao, na mazungumzo yakafika pale yanapofika kila mwaka ligi ikibakiza mechi moja: hesabu.

Ubingwa ulikuwa umekwisha, Yanga walishauchukua. Kilichobaki ni nafasi ya pili. Azam na Simba zililingana pointi, Azam ikiwa mbele kwa mabao, na nafasi hiyo ndiyo yenye tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Wa tatu anaenda Kombe la Shirikisho. Siku ya mwisho, Mei 28, Azam ilikuwa inaifuata Geita Gold kwao, na Geita ilikuwa inahitaji ushindi ili isishuke daraja. Fundi baiskeli mmoja, Simba wa kufa, alikuwa ameuchora msimamo mzima kwa kijiti kwenye vumbi, na kila akimaliza kupiga hesabu anafuta kwa ndala na kuanza upya.

"Geita hawawezi kulala," akasema. "Wana njaa. Sisi kazi yetu ni kuwaombea tu."

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akashusha kikombe. "Geita hawa si ndio wale wa nane?"

Watu wakacheka. Mimi mtu wa Kibondo sikucheka.

Kwa asiyekumbuka: Februari 2016, Ligi Daraja la Kwanza, Kundi C. Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zinagombea nafasi ya kupanda Ligi Kuu, zimebanana kiasi kwamba idadi ya mabao ingeweza kuamua. Zikaja mechi za mwisho. Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Geita ikaifunga JKT Kanembwa 8-0. Mabao 15 kwenye mechi mbili! Kanembwa ni timu ya kambi ya JKT iliyopo Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, kwa hiyo sisi tuliokulia huko tulikuwa tunaiita yetu bila kuulizana. Mwezi wa nne Kamati ya Nidhamu ya TFF ikaamua kwamba matokeo yale yalipangwa. Timu zote nne zikashushwa, watu kadhaa wakafungiwa, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Hao Mbao mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la FA pale Dodoma, wakafungwa na Simba 2-1, tena baada ya dakika za nyongeza. Wangekuwa wapi siku hiyo kama zile nane na saba zingepita kimya kimya?

Fundi hakupenda mazungumzo yalivyogeuka. "Mwalimu, tuseme ukweli. Timu imeshakufa, mchezaji hata posho hana uhakika nayo, mguu unauma. Anampigania nani? Hana cha kupata, hana cha kupoteza. Akiachia, kamwibia nani?"

Swali hili watu hulichukulia kama utani wa kijiweni. Kwangu lilikuwa zito, na sababu yake nitaieleza. Lakini kwanza nilijibu kama mwandishi wa habari, maana ndiyo kinga yangu. Nikawasimulia Gijón, Hispania, Kombe la Dunia la 1982. Algeria walishaifunga Ujerumani Magharibi, wakamaliza mechi zao zote, wakabaki kusubiri. Kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria wakakutana huku wakijua kwamba Ujerumani akishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wanapita. Bao likapatikana mapema, kisha wakabaki kupasiana hadi filimbi ya mwisho. Algeria wakaenda nyumbani. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ila kuanzia Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi zinachezwa saa moja, na kwenye ligi nyingi siku ya mwisho iko hivyohivyo.

"Basi sheria imeshatibu," fundi akasema.

Haijatibu, bana. Saa ya kuanza mechi unaweza kuipanga, moyo wa mtu huwezi. Nilichokiona kwenye kisa cha Gijón, na kile cha Kundi C, ni kwamba aliyeibiwa hayumo uwanjani. Mnapokubaliana wawili, wa tatu yuko Mwanza au Algiers, na hana hata pa kupigia kelele. Msimamo wa ligi hauna mstari wa mtu peke yake. Pointi za Mbao zilipata thamani yake kwa sababu Geita na Polisi Tabora nao walitakiwa kuzitolea jasho zao. Muuza maharage sokoni Kasulu anajua habari hii vizuri: debe halipati faida wala hasara kwenye biashara ile, na kwa sababu hiyohiyo watu wanaliamini. Likibonyezwa kitako, hakuna anayesema debe halikuwa na cha kupoteza.

Mwalimu akatikisa kichwa, sikujua kama ni kukubali. Akaniuliza, "Na kocha akiwapanga vijana wa akiba ili wapate uzoefu?" Hapo nikakwama. Bado nadhani kijana anayefungwa nane huku anakimbia hajamdhulumu mtu, ila kocha aliyempanga huku anajua kitakachotokea, sina uhakika naye. Kuna timu dhaifu na kuna timu iliyolala, na kwenye karatasi ya matokeo zote zinaandikwa vilevile.

Sasa sababu yangu.

Kidato cha tatu nilikuwa golikipa wa darasa letu, kwenye shule moja ya sekondari huko kwetu, wakati wa ligi ya madarasa. Sisi tulishatoka. Kidato cha nne walihitaji mabao sita kutuzidi ili wawapite kidato cha pili na kuingia fainali. Zawadi ilikuwa kreti ya soda na mpira mpya. Hakuna aliyenihonga, tafadhali. Kiranja wao alinipitia bwenini, akanishika bega: "Mdogo wangu, nyie mmeshatoka. Mtupunguzie ukali tu." Basi. Sikujitupa vibaya, sikujifungisha. Nilichelewa tu. Kila mpira nilichelewa nusu hatua. Ikaisha sita bila.

Nahodha wa kidato cha pili alikuwa amesimama nyuma ya goli langu mechi nzima, viatu mkononi. Baada ya filimbi akaniuliza, kwa heshima, maana nilikuwa kaka yake kishule: "Kaka, ule wa nne hukuuona?" Nikamwambia jua lilikuwa machoni.

Ndiyo maana nikisoma habari ya ile nane siwezi kuwanyooshea kidole wachezaji wa Kanembwa kwa raha. Wengine huenda hawakujua lolote. Wengine huenda walichelewa nusu hatua. Ninachokijua ni kwamba kutokuwa na cha kupoteza hakukunipa uhuru wowote siku ile. Kiranja alikuja kwangu kwa sababu hiyohiyo. Aliyekuwa na cha kupoteza asingemsikiliza.

Aprili ya mwaka huohuo wa 2024, Mashujaa yetu ya Kigoma iliitoa Simba kwa penalti kwenye Kombe la Shirikisho, pale Lake Tanganyika. Mkoa huu mashabiki wa Simba wamejaa, na nina hakika wapo walioumia kwao wenyewe, na timu yao wenyewe. Hakuna aliyewapunguzia ukali. Fundi nilipomkumbusha akatukana kidogo, kisha akacheka. "Wale jamaa hawana adabu," akasema, na nilisikia fahari ndani yake.

Mei 28 nilikuwa Kibondo. Yule nahodha siku hizi ana kibanda cha kutengeneza simu na redio, na nikienda nyumbani lazima nimpitie. Jioni hiyo nilimkuta ameinamia redio ya mtu, waya zimemwagika mezani. Yeye ni Yanga, hana shida na mtu.

"Kaka, za huko? Azam vipi?"

"Wameshinda. Simba naye kashinda lakini kabaki wa tatu. Geita wameshuka."

Akapuliza vumbi kwenye kile alichokuwa anakichokonoa. "Wale wa nane," akasema, akatabasamu. Halafu, bila kuniangalia: "Walipambana lakini?"

Nikamwambia sijui, mechi sikuiona.