Upweke wa Mbunifu na Deni Lake: Mfano wa Rabai

Swali la iwapo mtu aweza kudai kazi kuwa yake peke yake limezuka upya kutokana na michezo ya video inayobuniwa na mtu mmoja. Mfano mashuhuri ni Stardew Valley, uliotolewa mwaka 2016. Mmarekani Eric Barone aliandika programu yake, akachora picha, akatunga hadithi na muziki, kwa muda wa zaidi ya miaka minne. Kwa istilahi za uhakiki, fani na maudhui yalitoka katika mkono mmoja.

Manufaa ya hali hiyo si umoja wa mtindo tu. Katika kundi kubwa, kosa aghalabu hukosa mwenyewe: mchoraji humsukumia mwandishi wa programu, naye humsukumia msimamizi. Abuniye peke yake hana wa kumsukumia. Kila uamuzi, uwe wa rangi ya jani au wa adhabu apewayo mchezaji, ni wake kuutetea. Funzo hili lawahusu hata wabunifu wafanyao kazi kwa pamoja: pasiwe na uamuzi usio na mtu wa kuujibia.

Hata hivyo, kuamua peke yako si sawa na kuanza peke yako. Barone mwenyewe ameeleza kwamba kichocheo chake kilikuwa Harvest Moon, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1996. Tatizo hili la chimbuko ni kongwe kuliko kompyuta, na historia ya Rabai, katika pwani ya Kenya, yalidhihirisha kwa ukali zaidi. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika huko mwaka 1846, asiondoke pwani hiyo moja kwa moja hadi 1875. Katika miaka ya 1850 alikusanya msamiati wa Kinyasa bila kulifikia Ziwa Nyasa. Maneno aliyapata kwa Salimini, mtumwa aliyetoka pande hizo. Kamusi ilichapishwa mwaka 1877, baada ya kifo cha Rebmann, ikiwa imehaririwa na Ludwig Krapf. Kamusi yaitwa ya Rebmann; lugha ilikuwa ya Salimini.

Je, Rebmann alijitwalia kisicho chake? Kusikiliza, kulinganisha na kupanga maneno ni kazi halisi, na makosa yaliyomo ni yake kuyabeba. Lakini waundaji wa Harvest Moon walikuwa watu huru wenye kazi inayojulikana kuwa yao. Mtumwa hana uhuru kamili wa kukataa anapoulizwa, wala nguvu ya kudai anaposahauliwa. Hivyo, uzito wa deni haupimwi kwa wingi wa kilichochukuliwa tu, bali pia kwa unyonge wa aliyekitoa.

Mbunifu mpweke, basi, ana wajibu wa pande mbili: adai uamuzi wote kuwa wake, lawama zikiwamo; na asidai chimbuko. Akitimiza wa kwanza na kuupuuza wa pili, uadilifu wake ni nusu.