Kuikosoa Picha ya Ndugu

Siku hizi ni nadra kuona harusi, ubatizo au kipaimara katika sharika zetu za Mbeya na Iringa bila washarika wenyewe kupiga picha. Mpiga picha wa kulipwa yupo, lakini pembeni yake wamesimama kaka na dada wenye simu, na wawili watatu wenye kamera walizonunua kwa kujinyima. Sisi tunaoandika haya ni wa kundi hilo la pembeni. Hatuli kwa picha. Mmoja wetu ni mwalimu, mwingine analima viazi kule Uporoto, mwingine ana duka Mafinga. Tunapiga kwa kupenda, na tukikutana tunaonyeshana. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo si dogo kama linavyoonekana: ndugu akikupa simu yake na kusema, "Hii unaionaje?", una deni gani kwake mbele za Mungu?

Jibu tulilolizoea ni "Nzuri sana, hongera." Mara nyingi linatoka mdomoni kabla macho hayajafika kwenye picha. Tunaliita heshima. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Iringa, kwa wanaoujua ulanzi, methali hii haihitaji mwalimu. Lakini watu huitumia kumlaumu mgema peke yake. Sisi tunaona msifuji naye ana lake la kujibu, maana alisifu bila kuonja. Ndugu aliyesimama saa nzima kwenye baridi ya Kitulo akingoja ukungu uinuke juu ya maua, ukamjibu kwa maneno mawili bila kutazama, ni kama umemwambia apite.

Yupo na wa upande wa pili, mjuzi, ambaye husema mbele ya wote, "Hii umeharibu." Huenda ni kweli ameharibu. Lakini tumewaona dada walioambiwa hivyo mara moja tu, na kamera haikurudi tena mikononi mwao.

Katika Matendo 18 tunasoma habari za Apolo, mtu msomi, mwenye bidii, aliyefundisha vizuri ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia katika sinagogi. Hawakusimama kumkatiza, wala hawakupiga makofi na kwenda zao. Walimchukua kando wakamweleza Njia ile kwa undani zaidi. Na alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu walimtia moyo na kumwandikia barua ili apokewe. Waliomrekebisha na waliomwandikia barua walikuwa watu wa ushirika mmoja.

Undani huo, kwa mpiga picha, ni vitu vya kushikika. Ukimwambia ndugu kwamba picha yake haina uhai, hujampa cha kufanya Jumapili ijayo. Ukimwonyesha kwamba nguzo ya turubai imeota kichwani mwa bibi harusi, na kwamba hatua mbili kushoto zingeiondoa, umempa. Bwana harusi ana suti nyeusi, bibi harusi ana shela jeupe, na jua la saa saba mchana liko juu ya Iringa. Kamera inajaribu kuwapata wote wawili na kushindwa: shela linakuwa jeupe tupu lisilo na nakshi, macho yanazama katika kivuli cha paji la uso. Wapeleke chini ya mti au barazani. Ndani ya kanisa lenye madirisha nyuma ya madhabahu, mchungaji anatoka kama kivuli kwa sababu kamera imepima mwanga wa dirisha. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, nayo itapima kutoka hapo.

Kuhusu nyuso tuna la kuongeza. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha filamu za rangi zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Wafanyakazi waliziita kadi za Shirley. Ngozi yake ikawa kipimo cha ngozi zote, na watu weusi wakatoka kama makaa yenye meno. Inasimuliwa kwamba filamu zilipokuja kuboreshwa, malalamiko yaliyosikilizwa yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao rangi za bidhaa zao hazikuonekana sawasawa kwenye matangazo. Chokoleti ilipata mtetezi kabla ya mama zetu! Basi ndugu anapoleta picha ya kwaya ambayo nyuso zote ni giza na madirisha yanang'aa, nasi tukasema "nzuri sana", hatujamtendea wema mtu yeyote aliyesimama katika kwaya ile.

Nyanda za Juu Kusini zinajua siku nyingi maana ya kupigwa picha bila kuulizwa. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alichapisha mwaka 1906 kitabu kikubwa kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma, chenye picha za watu wa huku kwetu. Ufundi wa picha zile hauna shida. Shida ni kwamba watu wamewekwa humo kama mifano ya makabila, kana kwamba hawakuwa baba na mama za mtu. Picha inaweza kuwa kali kwa fokasi na bado ikamkosea aliyepigwa.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba tunapojadili picha ya ndugu hatuko wawili. Yupo wa tatu, aliye ndani ya picha, na kwenye benchi letu hana kiti. Upole wetu kwa mpigaji usilipiwe na yeye. Mwanzo 9 inaeleza jinsi Hamu alivyouona uchi wa baba yake akatoka kuwasimulia ndugu zake nje, na jinsi Shemu na Yafethi walivyotembea kinyumenyume na vazi mabegani ili wamfunike. Leo kutoka nje ni kugusa kioo mara moja, picha imefika kwenye vikundi vitatu. Kwa hiyo sisi tunatenganisha. Kasoro ya mwanga inaweza kungoja. Mpe ndugu muda, mpe kwanza lile alilolipata vizuri. Lakini picha ya mgonjwa kitandani, ya mtoto aliye uchi mtoni, au ya mzee aliyesinzia ibadani ikigeuzwa kichekesho, hiyo haingoji wala haitafutiwi sifa za kuitangulia. Mwite kando, mwambie siku hiyohiyo aifute.

Wapo watakaosema kwamba huyu anajitolea, na sadaka haikosolewi. Tunawaelewa. Hata hivyo hema ya kukutania nayo ilijengwa kwa sadaka, na kila ubao wake ulipimwa kwa dhiraa. Kutoka 35 inasema Bezaleli na Oholiabu walipewa ustadi wa mikono pamoja na moyo wa kuwafundisha wengine. Na katika Mwanzo, Mungu aliyetazama kazi yake siku baada ya siku akaiona ni njema, ndiye pia aliyetazama upweke wa Adamu na kusema kwamba hilo halijakaa vizuri. Hakumvunja Adamu. Alisema lililopungua, kisha akashughulika nalo.

Lakini mpaka hauonekani wazi kila mara. Kijana mmoja wa kwetu alileta picha aliyoipiga mazikoni karibu na Tukuyu: bibi mmoja kando ya kaburi, khanga kichwani, ukungu wa asubuhi nyuma ya migomba, na chozi limefika kwenye kidevu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kutuonyesha. Tukanyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza, "Bibi anajua?" Hajui, kijana akajibu; alikuwa amesimama mbali. Hapo tukagawanyika. Wengine walisema huzuni ya mwamini ni ushuhuda, na kwamba Yohana hakuficha machozi ya Bwana kaburini kwa Lazaro. Wengine walisema msiba ni wa wafiwa, na aliyekuja kuzika hakuja kutafuta picha. Hatukufikia mwafaka hata jua lilipozama. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba asiitume popote, bali aisafishe na kumpelekea bibi mwenyewe siku za matanga zikiisha, na asiende peke yake.

Alikwenda na mama yake. Walimwamkia bibi, wakakaa, wakanywa chai, kisha akaitoa. Bibi aliitazama muda mrefu kuliko yeyote kati yetu. Hakusema lolote kuhusu chozi wala ukungu. Aliweka kidole kwenye ukingo wa picha, upande wa kushoto, akauliza, "Mwanangu, mjukuu wangu umempeleka wapi? Alikuwa amenishika mkono hapa."

Kijana alikuwa amemkata mtoto kwenye simu ili bibi abaki peke yake na migomba. Picha nzima bado ilikuwamo. Wiki iliyofuata alipanda basi tena kwenda Tukuyu kuipeleka, na hiyo ndiyo bibi aliyoitundika ukutani, juu ya kochi.