Je, Huruma Inaweza Kuandikwa kwa Jina la Mtu Mwingine?



Vijana wenzangu, leo naomba niandike kuhusu kazi yangu, maana kuna swali limenisumbua tangu Kwaresima na nimechoka kulibeba peke yangu.

Mimi ni mtunza hesabu wa zahanati ndogo ya binafsi hapa Morogoro. Tupo Dokta, manesi wawili, kaka wa maabara, na mimi dirishani. Kila jioni nahesabu pesa za kwenye droo, naangalia zilizoingia kwa simu, nalinganisha na risiti za mashine ya EFD na daftari la wagonjwa. Mwisho wa mwezi naandaa fomu za madai ya bima: mgonjwa alipata nini, kwa bei gani, na sahihi yake ipo. Ni kazi ya kimya. Hakuna anayekuja kukushukuru eti kwa sababu jumla imekaa sawa.

Siku moja akaja mama na mtoto wa kama miaka minne, homa kali, anahema kwa shida. Mkononi alikuwa na shilingi 3,000. Dokta hakuuliza mara mbili. Mtoto akawekewa dripu, akachomwa sindano, na jioni waliondoka mtoto akidai uji. Deni lililobaki: 43,000. Nikamuuliza Dokta niandikeje. Akaniambia taratibu, “Binti yangu, yule mzee wa bima wa asubuhi si ameshasaini? Mwongezee dripu na sindano. Bima haiwezi kufa njaa.”

Nikaandika.

Naomba mnielewe, Dokta si mtu mbaya. Ni mtu wa jumuiya, anasali, na mtoto yule yuko hai. Nililala vizuri usiku ule, kiukweli kabisa. Nilijiona kama mmoja wa wale wanawake wa Injili waliomhudumia Bwana.

Wiki kama tatu baadaye, nikiwa nalinganisha hesabu, nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: zahanati haikuwa imetoa chochote. Dawa zote zimelipwa. Shukrani tulipokea sisi, ila mlipaji alikuwa mwalimu na mlinzi wanaokatwa mshahara kila mwezi, na hakuna aliyewauliza. Halafu yule mzee. Kwa mujibu wa karatasi zangu, alichomwa sindano za ugonjwa asiokuwa nao. Daktari mwingine akija kusoma kumbukumbu zake, atasoma uongo wangu.

Nilitafuta pa kujifichia. Katekisimu namba 2408 inafundisha kwamba mtu mwenye shida kubwa ya haraka, asiye na njia nyingine kabisa, akichukua mali ya mwingine ili aishi, huo si wizi. Nikasema, haya, nimepona! Lakini nilipoisoma tena nikakwama kwenye hayo maneno ya njia nyingine. Njia nyingine ilikuwepo, tena ilikuwa imekaa chumba cha pili imevaa koti jeupe. Dokta angeweza kusamehe deni. Hata mimi ningeweza kuchangia. Nikaenda namba 1753, na pale ndipo nilipoishiwa, kwa sababu inasema nia njema haiugeuzi uongo kuwa haki, na mfano inaoutoa wa nia njema ni huohuo wa kumsaidia jirani. Yaani kama waliniona dirishani.

Nikaenda kuungama. Padri akaniambia kuna kurudisha pia, kama Zakayo. Nikamjibu, “Padri, lakini pesa sikula mimi.” Akauliza tu, “Kalamu ilishikwa na nani?”

Kumwambia Dokta kulikuwa kugumu kuliko kuungama. Alikasirika. “Kwa hiyo ulitaka mtoto afe?” Nikamwambia hapana, Dokta, nilitaka daftari liandike kwamba wewe umesamehe 43,000. Hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu akaniita tuandike barua kwa bima, pesa ikatwe kwenye madai yajayo. Alitaka tuseme ni “makosa ya uandishi”. Jamani! Ilibidi nikatae tena, huku magoti yananitetemeka, maana huo ungekuwa uongo wa kufunika uongo. Tukaandika kwamba huduma hizo hazikutolewa kwa mgonjwa huyo.

Sasa tuna safu mpya kwenye daftari, tumeiita Misamaha. Mwezi wa kwanza ilifika 118,000, na Dokta alishtuka, kwa sababu kwa mara ya kwanza alijua anatoa kiasi gani. Akaweka kikomo: 150,000 kwa mwezi. Zaidi ya hapo hatuwezi kununua dawa.

Nyie mnadhani hapo ndipo amani ilipokuja. Mwezi wa pili, tarehe 22, safu ilikuwa imejaa. Akaja bibi mmoja na mguu umevimba, hana kitu. Dokta alimwona bila malipo, lakini dawa hazikuwezekana, akamwandikia barua aende kituo cha serikali. Kwa utaratibu wetu wa zamani angeondoka na dawa mkononi. Nilijua hivyo nikiwa namtazama akishuka ngazi polepole, mkono ukutani.

Bado naamini tulifanya sawa. Naamini bila raha. Rafiki yangu mmoja wa Viwawa ananiambia nimeweka karatasi mbele ya mtu, na sina jibu la kumnyamazisha; ninachoweza kumwambia ni kwamba kikomo kile ni cha pesa zetu, na sisi tunaweza kukisogeza. Mwezi huu nimeongeza 10,000 kutoka mshahara wangu. Dokta aliona, akaongeza 40,000, hakusema neno.

Bibi nilimpa nauli, na mjukuu wake aliacha namba ya simu. Nimepiga mara mbili haipatikani. Kesho nikitoka kazini nitapitia kituoni kumuulizia.