Kweli Isemwayo kwa Upendo: Nani Hulipa Gharama Yake?



Mtume Paulo, katika sura ya nne ya waraka wake kwa Waefeso, anataka kweli na upendo viende pamoja. Tumelisikia neno hilo likihubiriwa mara nyingi, na kila mara tumeitikia Amina bila shida. Ugumu wake huanza Jumatatu. Hapa mjini kwetu mtu akitaka kumtukana mwenzake hutanguliza kusema, "Mimi ni msema kweli, sina unafiki." Na mwingine akitaka kulikwepa jambo zito husema, "Tuyaache tu, tusivunje amani." Wa kwanza hujiona shujaa, wa pili hujiona mwenye upendo. Sisi tumekuwa wote wawili, tena katika shauri moja, na ndiyo sababu tumeomba nafasi katika gazeti hili.

Shauri lenyewe ni la nyumba. Mwaka 1996 rafiki yetu mmoja na mkewe walinunua kiwanja upande wa Temeke, mahali ambapo siku zile mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba. Karatasi ya mauziano iliandikwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, nasi tukatia sahihi yetu tukiwa shahidi wa mnunuzi. Tulimwona kwa macho yetu yule mama akifungua pindo la khanga na kuhesabu fedha. Zaidi ya nusu ya bei ilikuwa jasho lake, kwa maana alikuwa akinunua samaki Feri alfajiri, akiwakaanga na kuwauza jioni kando ya barabara. Lakini karatasi iliandikwa jina la mume peke yake. Hakuna aliyeona neno, hata sisi tuliojidai kusoma.

Miaka ikapita, mume akafariki. Siku ya tatu ya matanga ukoo ulikaa kikao, na mdogo wake marehemu akasimama. Huyu alikuwa mwimbaji wa kwaya na rafiki yetu wa siku nyingi, mtu tuliyezoea kukaa naye benchi moja kanisani. Akasema kwamba nyumba ni mali ya marehemu na itarudi kwenye ukoo, na kwamba shemeji yake atapewa nauli ya kwenda kwao. Mjane alituangalia. Hakusema kitu, alituangalia tu. Sisi tukakohoa, tukautazama mkeka.

Njiani kurudi nyumbani tulijifariji kwa maneno mazuri. Tulisema msibani si mahali pa kugombana, na kwamba kumsitiri mtu mbele za watu ni adabu ya Kikristo na ya Kiswahili pia. Ni kweli kusitiri ni adabu. Lakini aliyesitiriwa siku ile hakuwa mjane. Yeye alihamia chumba cha kupanga Mtoni pamoja na watoto wawili.

Miezi ikapita, na dhamiri ikatuchoma. Jumapili moja, baada ya ibada, waumini walibaki kwa mkutano wa kuchagua wazee wa kanisa, na jina la rafiki yetu likapendekezwa. Tukasimama. Kwa sauti ile ya kufundishia darasa la watoto sitini, tukaeleza habari yote: kiwanja, karatasi, pindo la khanga na ile nauli. Hatukuongeza hata neno moja la uongo. Rafiki yetu akatoka nje na mkewe na watoto, wala hawakuonekana tena kanisani hadi Pasaka ya mwaka uliofuata. Watu wengi walitupa mkono. "Mwalimu, umesema kweli!" Tulikwenda nyumbani tukiwa wepesi kama vijana.

Jioni mjane akaja analia. Upande wa mume wakidhani yeye ndiye aliyetutuma. Tena kumbe yule shemeji yake, pamoja na ubaya wote ule, alikuwa akimlipia mtoto mkubwa ada ya shule. Ada ikakatwa juma lile lile.

Ndipo tulipoanza kuhesabu, maana mwalimu hawezi kuacha kuhesabu. Mara ya kwanza tulinyamaza, na mjane akalipa. Mara ya pili tukasema, na mjane akalipa tena, pamoja na mtoto wake, na yule ndugu, na mke wa yule ndugu ambaye hakuwa na kosa lolote. Sisi wenyewe hatukulipa hata senti. Ukimya wetu ulikuwa wa bure na ujasiri wetu nao ulikuwa wa bure.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukimfikiria sana Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Wengi wenu mnalijua jina lake, lakini vijana hawakuwapo, na habari yake ni nzito kuliko mistari miwili inayosomwa siku ya kumbukumbu yake.

Mwaka 1977 tulikuwa kidato cha tatu. Tarehe 5 Februari mwaka ule nchi yetu ilikuwa katika shamrashamra, kwani ndiyo siku TANU na ASP zilipoungana ikazaliwa CCM. Usiku wa kuamkia siku hiyo hiyo, askari wa Idi Amin waliingia kwa nguvu katika nyumba ya Askofu Mkuu pale Namirembe, Kampala. Wakamwelekezea bunduki na kupekua vyumba wakitafuta silaha. Hawakuona kitu.

Luwum alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Mucwini, nchi ya Waacholi. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa padre, nasi walimu twapenda kulitaja hilo. Mwaka 1969 aliwekwa kuwa askofu wa Uganda ya Kaskazini, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Ilikuwa ni miaka ya vilio, maana tangu Amin aliponyakua madaraka Januari 1971 watu walikuwa wakikamatwa na kupotea. Askofu Mkuu hakungojea waletwe kwake kuombewa maiti. Alikwenda mwenyewe hata katika ofisi za idara ya upelelezi ya Amin, mahali ambapo wengine waliogopa hata kupita njia yake, kuomba waliokamatwa waachiwe. Jambo hili tunataka wasomaji walishike: kabla ya kuandika barua yoyote, mtu huyu alikuwa amekwisha kuigonga milango ile mara nyingi kwa ajili ya wengine.

Baada ya upekuzi ule, maaskofu walikutana wakaandika barua yenye tarehe 10 Februari 1977, wakaielekeza kwa Amin mwenyewe. Hawakuzungushazungusha maneno. Walisema kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo, na kwamba wamezika watu wengi waliopigwa risasi, huku wengine hata maiti zao hazijaonekana. Hayo ni maneno makali. Lakini hayakuwa matusi, wala hayakusemwa kisogoni. Na kila aliyetia sahihi alijua ni nani atakayelipa.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, mbele ya askari wengi na mabalozi. Yakasomwa mashtaka kwamba Askofu Mkuu anashiriki njama za kuipindua serikali. Yeye alitikisa kichwa kukanusha. Baadaye maaskofu wakaambiwa waende zao, ila yeye akabakizwa. Wenzake walingoja nje mpaka walipofukuzwa. Kesho yake redio ya Uganda ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Watu hawakuamini. Mwili ulipelekwa kuzikwa Mucwini, na kaburi lililokuwa limechimbwa Namirembe likabaki tupu. Huo ulikuwa mwaka wa jubilei ya miaka 100 ya Kanisa la Uganda, lililoanza mwaka 1877.

Leo sanamu yake imesimama juu ya mlango wa Westminster Abbey, London, tangu mwaka 1998, na Uganda tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa tangu mwaka 2015. Ni heshima inayostahili. Ila heshima kama hizo zina hatari yake, kwa kuwa twaweza kumpandisha mtu juu ya mlango ili tusilazimike kumfuata njiani.

Mmoja wa wale waliongoja nje alikuwa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye wazee wa Dodoma walimfahamu tangu alipokuwa mwalimu huko miaka ya 1940 na 1950. Baada ya mauaji yale yeye na mkewe Mera walikimbia, wakapanda milima kwa miguu usiku hadi Rwanda. Mwaka ule ule akatoa kitabu kilichowashangaza watu, kwa maana jina lake kwa Kiswahili ni "Nampenda Idi Amin." Wengine walikasirika. Aliyefiwa na mume au mwana anaambiwaje habari ya kumpenda muuaji? Lakini Kivengere hakumsafisha Amin. Aliyasema maovu yake katika nchi nyingi alizozunguka. Alichokiri ni kwamba chuki ilikuwa imeanza kuota ndani yake, na kwamba ilimpasa atubu chuki hiyo hata kama dhambi za Amin zilikuwa kubwa namna ile. Sisi twadhani alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa sababu nyumba iliyoachwa ilikuwa yake na kazi iliyoachwa ilikuwa yake. Angeyasema hayo mtu aliyekaa salama Ulaya, yangekuwa upuuzi.

Kipimo hiki cha gharama hutusaidia hata katika mambo ya hapa kwetu. Wengi mnaikumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, Wakristo kwa Waislamu. Walikuja wasemaji na vipaza sauti, wakasimama uwanjani, huyu akifungua kitabu cha mwenzake ili kumwaibisha na huyu naye akijibu, na watu wakishangilia kama kwenye mpira. Kila upande ulisema unatangaza kweli. Jioni wasemaji wakapanda gari wakaondoka. Waliobaki ni sisi tunaochota maji bomba moja, tunaokopeshana chumvi na kuzikana, nasi ndio tuliobaki na uchungu. Na Oktoba 2012, watoto wawili wa Mbagala walipobishana juu ya Kurani hata mmoja akaikojolea, na makanisa yakavunjwa na kuchomwa moto, tulijiuliza watoto wale walijifunza kwa nani kubishana namna ile. Jirani Mwislamu aliyekuja asubuhi yake kutupa pole, wakati wenzake wangeweza kumwona msaliti, alituhubiria zaidi ya vipaza sauti vyote vya uwanjani.

Hapa msomaji anaweza kutupinga, tena kwa haki. Je, kila kweli ipelekwe faraghani kwanza? Nathani alimwendea Daudi, sawa. Lakini Paulo alimkemea Petro mbele ya wote kule Antiokia. Naam, na tunaongeza jambo zito zaidi. Mtoto akidhulumiwa mwili wake, iwe na mjomba, na mwalimu au na mtumishi wa kanisa, kumwendea mkosaji kimya kimya si upendo. Ni kumwonya ajifiche. Hapo pa kwenda ni polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, siku ile ile. Tumewaona wazee wakiyamaliza mambo ya namna hiyo kwa chai na mandazi, na mtoto akabaki na jeraha lake. Waliokuwa wakisitiriwa pale ni wakubwa, na bei ililipwa na mdogo. Kwa hiyo hatusemi faragha ndiyo upendo. Twasema kwamba anayesema kweli aangalie kabla ya kufungua kinywa chake: mzigo wa neno hili utaangukia kichwa cha nani, na je, mimi nimeweka bega langu?

Turudi kwa rafiki yetu. Ilituchukua muda mrefu kuliko inavyopendeza kukiri. Jioni moja tulikwenda kwake, peke yetu. Tukamwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba tulimkosea kwa kumvua nguo mbele ya watu kabla hatujawahi kuja mlangoni pake, naye alikuwa rafiki. La pili, kwamba kesho yake tutafuatana na shemeji yake hadi Mahakama ya Mwanzo, kufungua shauri la mirathi, nasi tutasimama kutoa ushahidi juu ya ile karatasi, na hatukutaka alisikie hilo kwa mtu mwingine.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, tumetoka mbali mimi na wewe," akaingia ndani akafunga mlango.

Shauri lilichukua mwaka mmoja na miezi miwili. Nauli zilikuwa zetu, na maneno ya mtaani pia yalikuwa yetu. Wapo wana kwaya ambao hadi leo wakituona hubadili njia. Mjane alipata vyumba viwili vya upande wa barabara, anakaa kimoja na kingine amepangisha. Siyo yote aliyostahili. Rafiki yetu amerudi kanisani, ila hukaa upande wa pili, karibu na dirisha, na wakati wa kupeana amani hutupungia tu kutoka mbali. Jumapili iliyopita mkewe alivuka katikati ya mabenchi akaja akatupa mkono.