Feni Isiyozimika na Mtu wa Waswasi

Katika maradhi yote ya gari, lililo karibu zaidi na maradhi ya ibada, kwa nionavyo mimi, ni lile la feni ya rejeta isiyonyamaza, ambalo mwenye gari huligundua asubuhi anapozungusha ufunguo akaambulia mlio wa tak-tak. Kwani feni ivutayo ampea 10 tu huimaliza betri ya ampea-saa 45 kabla ya adhana ya alfajiri, huku ikiipuliza injini iliyokwisha poa tangu isha. Mafundi wa Makadara jijini Nairobi, wafanyao kazi juani kando ya Barabara ya Jogoo, huletewa gari la namna hii likiwa limekwisha tiwa betri mpya, nayo imekufa vilevile, maana jirani wa kwanza kuombwa shauri hakosi kusema kwamba betri imechoka.

Fundi hodari haanzi na betri. Huzima gari, akachomoa ufunguo, akasikiliza. Feni ikisimama, kisha ikavuma tena mara ufunguo urudipo, hali injini ni baridi, huishuku sensa ya joto la maji au waya wake. Kwani katika magari mengi ya siku hizi kompyuta ikikosa habari ya joto hudhania lililo baya kabisa na kuamuru feni izunguke, ikihiari kupoteza umeme kuliko kuunguza gasketi. Hiyo ni tahadhari, wala siilaumu. Ipelekee habari ya kweli, itatulia.

Lakini ikiwa ufunguo uko mfukoni na feni ingali ikizunguka, fundi hufungua kisanduku cha fyuzi, akaing'oa rilei, kidude cheusi kidogo kama kiberiti, na mara nyingi feni husita papo hapo. Ndani yake vidole viwili vya chuma vimeungua vikagandana. Amri ya kusimama imetolewa, ila hapana wa kuitii. Hapo sensa mpya haifai kitu.

Wanazuoni walikwisha kuipita njia hii katika kupambanua shaka mbili za ibada. Kanuni ya kwamba yakini haiondolewi na shaka, ambayo Imam Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, aliihesabu miongoni mwa kanuni kuu za fikihi, ni dawa ya mwenye shaka ya kawaida: aliyetawadha, kisha akashuku kama udhu umetenguka, yu tohara mpaka ajue vingine. Huyo anahitaji elimu. Mwenye waswasi ni mwingine. Ibn al-Jawzi wa Baghdad asimulia katika Talbis Iblis habari za mtu aliyemlalamikia mwanazuoni Ibn Aqil kwamba hujitosa majini mara nyingi na bado hushuku kama josho lake limesihi. Shekhe akamwambia aende zake, sala imemwondokea, kwa kuwa mwenye kushuku hivyo ni mwendawazimu, na mwendawazimu hana taklifu ya sheria. Jibu kali, nami nisingethubutu kulitoa. Lakini tazama kwamba hakumwongezea dalili hata moja juu ya maji.

Basi wamnasihio mtu huyu azidishe hima na imani wanamuuzia betri mpya. Imani anayo tele, nayo ndiyo inyonywayo pale mferejini, akirudia mkono ule ule huku imamu amekwisha rukuu. Na kwa kuwa hapana awezaye kumng'oa rilei yake, mafakihi humwamuru asiiitikie: aoshe mara tatu, afunge mfereji, aingie safuni na shaka yake ingali ikivuma.