Kabla Hujafyatua Neno, Hakiki



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, sisi tuliokulia pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, huko Mocímboa da Praia na Palma, tunazijua gemu za zamani: mashine ndogo ya plastiki, pedi mbili zenye waya, na kaseti ya njano iliyoandikwa kuwa ina michezo 9999. Ukiichomeka unakuta michezo ni michache tu, inajirudia kwa majina mengine. Mwenzetu mmoja kanunua moja, na kila Ijumaa baada ya Isha tunakusanyika chumbani kwake. Wawili wanacheza, wengine tumekaa mkekani tunangoja zamu na kuzungumza.

Sikuandika kuwakataza gemu. Kupumzisha moyo hakuna ubaya, maadamu hakuna kamari, hakuna uchafu, na swala haikupiti. Ninaloliogopa haliko kwenye kioo. Liko mkekani.

Usiku mmoja uliwekwa mchezo wa Contra. Mnaoucheza mnajua: askari anakimbia kwenda mbele, na kila mtu anayetokea ni adui. Hakuna kitufe cha kumuuliza mtu jina lake. Unafyatua tu. Ukifa unayo maisha matatu, na yakiisha unaanza upya.

Mazungumzo yalikuwa yale ya kila siku: uchaguzi wa Oktoba 2024 na maandamano yaliyofuata, gesi ya Afungi na nani atafaidika nayo, bei ya mchele. Yakafika kwenye vita. Akatajwa kijana mmoja wa kwetu aliyepotea Palma iliposhambuliwa Machi 2021, akaonekana wiki kadhaa baadaye akiwa mzima. Nikasema, tena kwa kucheka: "Wiki zote hizo porini, halafu mzima? Huyo alikuwa nao." Wenzangu wakaitikia.

Aliyeshika pedi hakugeuka. Akasema taratibu: "Huyo ni mtoto wa mama mdogo. Alikuwa kwenye mikoko na bibi yetu. Bibi alifia humo humo."

Hakuna aliyejibu. Na mimi niliyesema vile ndiye niliyefaulu mtihani wa somo la hadithi muhula ule.

Ndugu zangu, katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, Allah (S.W.) anatuamrisha tuihakiki habari inayoletwa na mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Mimi sikuletewa habari na yeyote, niliitunga mwenyewe kutokana na dhana. Na aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inatukataza dhana, upelelezi na kusengenyana. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 94, waumini waliokuwa safarini kwa ajili ya jihadi waliambiwa wahakiki, wala wasimwambie anayewatolea salamu kuwa yeye si muumini. Ikiwa mwenye silaha mkononi ameamrishwa kusita, sisi wenye pedi mkononi tuna haraka ya nini?

Mnakijua kisa cha Usama bin Zayd (R.A.). Alimuua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa upanga. Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama alikuwa amempasua moyo akaona kilichomo, akalirudia lawama lake mpaka Usama akatamani lau angesilimu siku ile tu. Huyo alikuwa kipenzi cha Mtume, na bado hakusamehewa kirahisi jambo la kuhukumu moyo wa mtu.

Kwetu jambo hili si nadharia. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa iliposhambuliwa kwa mara ya kwanza, neno "mashababi" limekuwa hukumu. Kwa Kiarabu shababu ni vijana tu, na kijana aliyekulia katika ibada ni miongoni mwa watu saba watakaopewa kivuli na Allah siku isiyokuwa na kivuli ila chake. Leo mama anaogopa mwanawe kuitwa hivyo, maana neno likimfikia mwenye bunduki, huenda lisiulizwe mara ya pili. Na hapo hakuna kuanza upya.

Tuzitazame na rai zetu nyingine. Wamwani ndio wao. Wamakonde ndio waliokula nchi. Waliokimbia vita wanaficha watu. Ni kaseti ile ile ya njano: nje 9999, ndani uvumi mchache unaojirudia.

Simwambii mtu anyamaze kuhusu siasa. Mtume (S.A.W.) amelihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi bora kabisa. Uliza kuhusu gesi, uliza kuhusu kura, tetea walionyang'anywa ardhi. Lakini kusema haki kunataka ushahidi, na kumtuhumu mtu kunautaka zaidi.

Basi tukubaliane mambo matatu. Mtu akileta habari, aulizwe: umeona au umesikia? Anayetajwa vibaya naye hayupo, apatikane mmoja wa kumtetea. Na tusiinuke kabla ya kusoma dua ya kafara ya kikao.

Baadhi ya wanachuoni wamesema uliyemsengenya, kamtaje kwa wema pale pale ulipomvunjia heshima. Ijumaa iliyofuata niliomba gemu isimamishwe kidogo. Nikasema mbele ya wale wale kwamba nilisema nisilolijua, na kwamba kijana yule hakumwacha bibi yake mpaka mwisho. Tukamwombea marehemu. Kisha mwenye chumba akanipa pedi, akasema zamu ni yangu.

Allah azihifadhi ndimi zetu, awarehemu waliotutangulia na airudishe amani pwani yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.